Kompyuta Isiyonguruma

Feni ya kompyuta fundi aliing'oa kabla chai yake haijapoa, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Kelele zote hizo, kazi yake upepo!" akafyonya. Ndiyo maana walimwita Bwana Kimya, fundi asiyevumilia hata nzi akipiga mbawa. Sasa alikuwa amepata mteja wa kufanana naye.

Mteja mwenyewe alikuwa mama mshonaji kutoka mtaa wa mbali, utepe wa kupimia shingoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nataka mashine ya kando ya kitanda," alisema. "Ile ya zamani inanguruma, inafunika kila kitu. Na umeme ukikatika, betri ndogo iifikishe asubuhi."

"Basi nitakuwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Haina tamaa ya umeme, wala haijizimi usiku eti inajisasisha."

"Yoyote, mwanangu, ilimradi nilale. Nimechoka, nitakufa."

"Na mzee anasemaje, mashine chumbani?"

"Mzee hana neno." Akacheka kidogo. "Yule na mikoromo yake! Yeye ndiye aliyenizoesha vibaya."

Maskini, fundi akawaza. Mkoromaji huku, mashine kule, huyu mama atalala saa ngapi?

Akaiunda kwa moyo wote. Bodi ndogo kama kiganja, kipande cha alumini cha kupozea badala ya feni, diski isiyozunguka. Alipoiwasha akaiwekea sikio. Kimya, kama haipo.

Akahamisha vitu vya mama kutoka mashine ya zamani: michoro ya magauni, picha za harusi za watu, na faili moja la sauti. Akalifungua kuhakikisha limefika salama. Ndani yake mama alikuwa anacheka: "Sikiliza mwenyewe, baba watoto, halafu useme hukoromi!" Kisha ngurumo, usiku mzima.

Lahaula! Bwana Kimya hakuweza kuvumilia. Alikuwa na programu ya kuondoa kelele kwenye sauti, akalisafisha lile faili, akabakiza kicheko kitupu. Hisani ya bure; wema hauozi. Kisha akaifuta diski ya zamani yote, kama kawaida yake, ili siri za wateja zisizagae.

Siku ya kuipeleka mashine mpya kwa mama alikuta viatu vya mzee mlangoni, vimepigwa rangi vikang'aa. Akanyata asimwamshe mtu.

Chumbani, mama alipoona taa inawaka bila mlio, machozi yalimtoka. "Mungu akubariki. Leo nalala!" Akaketi upande wake wa kitanda, akalifungua lile faili la sauti mwenyewe.

Kicheko chake kikatoka safi. Kisha kimya.

Akasubiri. Akainama, akaweka sikio.

"Ule mkoromo nimekuondolea, mama," fundi akasema, kifua mbele. "Wa nini tena, na mwenyewe yupo?"

Mama aliutazama mto wa pili.

"Mwenyewe tulimzika," akasema. "Huo ndio niliokuwa nalala nao."