Kompyuta Isiyozimwa

Mhadhiri alikuwa amekwisha kuirudisha kompyuta ndani ya boksi lake na kulifunga kwa utepe, mkewe alipoziba mlango, mikono kiunoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Dukani. Inachemka, mke wangu. Jana iliniunguza vidole nikiwa katikati ya sentensi."

"Irudishe mezani."

Mhadhiri alishangaa, na alikuwa na sababu. Kwa siku mbili mkewe hakuwa amemsemesha neno. Kosa lilikuwa la mhadhiri: aliacha geti wazi huku akiwaza sura ya nne, mbwa wa jirani akaingia, na kuku pekee wa mkewe, aliyempenda kuliko redio yake, akaishia mdomoni mwa mbwa. Sasa mwanamke yuleyule alimpokonya boksi, akaitoa kompyuta kwa mikono miwili kama anayemtoa mtoto kwenye beseni, akaiweka juu ya meza ya chuma waliyoinunua ofisi moja ilipofungwa, na kuiwasha.

"Andika," alisema.

Kompyuta yenyewe haikukosa sifa. Ilikuwa nyembamba kama sahani, nyepesi hata mtu alisahau kwamba ameibeba, na herufi zilionekana safi kama zimetoka kuoshwa. Ila wembamba huo ulikuwa na adhabu yake. Feni ndogo ya ndani haikupata pa kupumulia. Baada ya aya mbili tu, upande wa chini ulishika moto, na meza nayo ikaupokea.

Kitabu kilihusu nukta-mkato. Mhadhiri alikuwa amekiandika kwa miaka kumi, na sasa mchapishaji alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi. Akichelewa, mkataba unavunjwa. Mkewe alikuwa na mazoea ya kukiita "yule marehemu wako". Mhadhiri mwenyewe alikuwa ameanza kukubaliana naye, na kuirudisha kompyuta dukani kulikuwa, ukweli wa mambo, njia ya heshima ya kukizika.

Kuanzia siku hiyo mke alibadilika. Alihamishia kiti chake cha kufumia kando ya meza. Asubuhi na jioni aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anayepima homa, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Droo ya meza aliifanya yake, ya nyuzi na sufu, akamwomba mumewe asiiguse. Aliifungua mara chache kwa siku, akapangua na kupanga vitu vyake taratibu, akaifunga bila kelele ili asimkatize mawazo. Mhadhiri aliguswa sana na uangalifu ule.

Akinyamaza kidogo tu, alisikia: "Mbona kimya? Vidole vimeganda?"

"Nafikiri."

"Fikiri huku unaandika."

Hata alipokwenda kulala, mkewe alimsihi asiizime. "Ipe kazi yoyote. Si ulisema inajua kuhesabu?" Basi mhadhiri akaiacha ihesabu nukta-mkato zote katika magazeti ya nusu karne, nayo ikavuma hadi alfajiri kama nyuki ndani ya kopo.

Siku moja, mkewe akiwa sokoni, mhadhiri alimwita fundi kwa siri.

"Mwalimu, hii si kompyuta, ni jiko," alisema fundi, akipuliza vidole. "Ukipasua yai hapa juu, linaiva. Tuinyanyue, tuiwekee feni chini, itapoa kabisa."

"Hapapasuliwi yai hapa," ilisema sauti mlangoni. Mke alikuwa amerudi, kikapu mkononi.

"Shemeji, natoa mfano tu."

"Na hiyo feni yako kamwekee mkeo. Mume wangu anaandika kwa joto hilihili. Ukimpozea, wewe ndiye utakayemmalizia kitabu?"

Fundi alikusanya bisibisi zake moja moja, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa. "Mwalimu, una bahati," alimnong'oneza mhadhiri kwenye korido. "Wangu mimi hata simu yangu hataki kuiona ikiwaka."

Mhadhiri alirudi mezani macho yamelowa. Hakuna mtu aliyewahi kumpigania hivyo kwa ajili ya alama ya uandishi. Aliandika kama mtu anayefukuzwa. Sura ambazo zilimshinda kwa miaka zilikubali kukaa. Wiki ya tatu ilipokuwa inakwisha, na siku ya mchapishaji ikiwa imefika, alimaliza sentensi ya mwisho. Kisha akarudi ukurasa wa mbele, akaandika tabaruku.

"Sikiliza, mke wangu," alisema. "'Kwa mke wangu. Kitabu hiki kilipokufa, ni yeye peke yake aliyesikia kwamba bado kinapumua.'"

Mkewe alikuwa amepiga magoti, sikio amelibandika ubavuni mwa meza, machozi yakimtiririka.

Mhadhiri hakutaka kumwaibisha kwa kumtazama. Alimtumia mchapishaji mswada wote, akavuta pumzi ndefu, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

"Usiizime!"

Mkono wa mkewe uliudaka wake. Kwa ule mwingine alivuta droo polepole. Juu ya sufu, kati ya mayai aliyoyaacha yule kuku, kifaranga mmoja, manyoya yangali yamelowa, alikuwa akijikung'uta kipande cha gamba kichwani.

"Anza kingine, mume wangu," alinong'ona, "bado sita."