Ngozi za Pangoni

Pimbi, Nyegere na Kunguru waliongoza pango la barafu, ambamo wanyama walihifadhi vipande vya ngozi zao, akiba ya kutibia majeraha ya moto. Kiangazi kimoja barafu ikaanza kuyeyuka.

"Nimeziba kila ufa, haisaidii," alisema Nyegere.

"Tuwaambie ziko salama," alisema Kunguru, msemaji wao. "Wakijua, Mzee Pimbi, watatufukuza."

"Na watufukuze," alijibu Pimbi. "Ngozi zao hazitaoza huku tumenyamaza."

Akateremka mlimani, akawaeleza wote. Walimzomea, naye akarudia mpaka sauti ikamkauka: "Barafu inakwisha. Nisaidieni."

Kesho yake Kunguru alijibanza mlangoni akingoja kufukuzwa. Wanyama walikuja kweli, kila mmoja na bonge la barafu kutoka kileleni.

"Bwana Kunguru," alisema Nyati, "tupishe, inayeyuka."