Kinywa cha Kazija

Umewahi kumwazima mtu kinywa chako, mwanangu? Kazija, mwanafunzi kutoka Zanzibar, alimwazima mwanahistoria Mwingereza aliyekuja kuzungumza na wafanyabiashara wa kwao Kazija kwenye mgahawa wa mtaa wa Dengfeng, jijini Guangzhou, China. Kinasa sauti kilibanwa kwa pini kwenye ushungi wake, waya ukamzunguka shingo.

"Mimi naona utawala wetu uliwafaa," Kazija akatafsiri. "Mchina atawameza."

Maneno yalikuwa ya mgeni, ila sauti ilikuwa yake.

Mjomba wake, muuza viatu, akaacha kijiko ndani ya pilau. "We Kazija! Si hao hao waliomchapa babu yako bakora? Leo unawasifu?"

"Amesema nini?" Mwingereza akauliza, akitabasamu.

Kazija akakivuta kinasa karibu na mdomo.

"Anauliza kwa nini mlimchapa babu yangu. Na mimi nauliza."