Pipi za Mzee Ildephonse

Bango la kuuza nyumba lilikuwa limesimikwa mbele ya nyumba ya Mzee Ildephonse tangu Jumatatu, na kila alipolitazama kupitia dirisha lake, Avelina alijisikia kama mtu aliyekula akashiba.

Jioni hiyo ya Halloween mzee alikuwa amekaa barazani, ng'ambo ya barabara, blanketi magotini na bakuli la pipi pembeni. Watoto waliupanda mtaa ule wa Crystal nyumba kwa nyumba, wakiomba pipi. Wakikaribia kwake, walivuka barabara. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa mkono, mtoto akaenda anageuka nyuma.

"Hivyo hivyo," Avelina alinong'ona. "Mpaka wa mwisho."

Alikuwa akishonea bawa la pili mgongoni mwa jaketi la Tulia, maana baridi ya Minnesota haimruhusu kipepeo kutoka bila jaketi. Akakata uzi wa njano kwa meno, akaichomeka sindano kwenye kitambaa cha meza.

"Unaenda kazini leo?" Tulia aliuliza kwa Kiingereza. Alikuwa na miaka saba. Kiswahili alikielewa chote, ila hakujibu nacho.

"Naenda. Mizigo ya ghala la Shakopee haijipangi yenyewe. Shangazi atakuja kulala nawe."

"Tena?"

"Tena. Simama wima, nikuone."

Mwaka jana sindano ilikutwa ndani ya pipi. Nyumba zote zilitoa pipi za kiwandani. Ildephonse peke yake alitoa alizopika mwenyewe, sukari na karanga, kazisokota kwenye karatasi kama walivyofanya kwao Bukavu. Tulia aliifungua moja hapa hapa mezani, akaitoa sindano kwa vidole viwili kabla hajaionja. Wiki nzima Avelina hakukanyaga kazini. Alilala kitanda kimoja na mtoto, wakapika maandazi, akamsuka nywele akazifumua akamsuka upya. Na huku anasuka, alikuwa anapanga.

Polisi walisema hawana ushahidi. Avelina hakuhitaji ushahidi wao. Picha ya ile sindano aliituma kwenye kila kundi la simu, la Watanzania, la Wakenya, la Wakongo, kisha akaenda kwa padri. Mzee akanyang'anywa darasa la komunyo ya kwanza alilolifundisha miaka mingi. Kwenye misa ya Kiswahili watu wakawa wanaliacha benchi lake tupu.

Siku moja alimfuata Avelina nje ya kanisa, kofia mkononi.

"Mama Tulia, mi natengenezaka bombo, hii pipi ya watoto, tangu zamani. Sindano nitoe wapi? Mi hata kushona sijue."

"Usijali, mzee," Avelina alimjibu, na watu wanasikia. "Sanda yako nitakushonea mimi."

Kengele ya mlango ililia. Alikuwa Nkatha, nesi Mkenya wa nyumba ya tatu, na wanawe wawili waliovaa mavazi ya simba. Yeye ndiye angewazungusha watoto.

"Mama Tulia, hii baridi itatumaliza," alisema. Kisha akapunguza sauti. "Huyo mzee ameketi hapo tangu saa kumi. Binti yake anamhamisha kesho, wanaenda Iowa. Walai, mimi naskia huruma kidogo."

"Huruma yako iweke. Utamwonea mwanao Bravin siku akimeza sindano."

Nkatha alitaka kucheka, akaacha.

Avelina alichukua chokoleti kubwa ya karatasi ya bluu, akaitia kwenye mfuko wa Tulia. "Hii nimekununulia mwenyewe. Ukitamani, kula hii. Nyingine zote mpaka nizikague. Na kwa yule?"

Tulia alitikisa kichwa.

"Hata kumpungia mkono. Umesikia?"

Alisimama mlangoni kuwatazama. Walipofika usawa wa baraza ile, mzee aliinuka kwa shida, akanyanyua pakiti iliyofungwa.

"Watoto, mwaka huu ni ya dukani," aliita. "Imefungwa muzuri. Muone."

Wale simba wawili walisita. Avelina akapaza sauti toka ng'ambo ya pili.

"Zitafune mwenyewe, mzee. Utazihitaji njiani."

Ildephonse alibaki kasimama na pakiti yake mkononi. Watoto wakapita, na yeye akakaa taratibu, akalivuta blanketi.

Avelina alirudi ndani akiimba. Tangu mwaka jana hakuwa amewahi kuimba.

Nkatha alimrudisha Tulia giza lilipoanza kuingia. Mtoto akaumwaga mfuko wake mezani, na mama akazikagua pipi moja moja chini ya taa, akizibonyeza, akizigeuza, akitafuta tundu. Zote zilikuwa salama. Bila shaka zingekuwa salama, alijiambia, maana nyoka anahama kesho. Akambusu mtoto utosini, akaenda chumbani kuvaa buti na fulana ya kazini.

Aliporudi, funguo za gari mkononi, Tulia alikuwa bado amekaa palepale.

"Mama," alisema. "Sindano."

Ilikuwa imezama nusu katika chokoleti iliyokwisha kung'atwa kona. Avelina aliinyakua. Alikuwa ameshaufungua mlango, jina la mzee liko kwenye ulimi, ng'ambo taa ya baraza inazimwa, ndipo macho yake yalipoangukia kile alichokishika. Karatasi ilikuwa ya bluu. Na kwenye tundu la sindano uling'inia uzi wa njano.

Nyuma yake Tulia alikuwa ameshavua viatu, amepanda kwenye kochi, amemtengea mama yake nafasi.

"Kwa hiyo leo huendi kazini," alisema. "Tupike maandazi, kama mwaka jana?"