Wimbo wa Mwanamke wa Ogola

Mgeni alikuwa ameketi kwenye safu ya wana wa marehemu, na hakuna aliyemkaribisha pale.

Caren alimkodolea macho kutoka penye jeneza la mumewe. Watu wa Nyamasaria walishaanza kunong'ona. Kesho Ogola angezikwa, na kijana akibaki kwenye safu ile, naye pia angegawiwa shamba. Lakini shamba halikumuuma Caren kama ule uso. Ulikuwa wa mtu mkubwa kuliko Byron, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Kumbe Ogola alikuwa na mtu hata kabla ya harusi! Miaka yote hiyo Caren alikuwa akichezewa shere.

"Mama, mimi sitaki shamba," kijana alisema alipoulizwa. "Jina ni Oluoch. Mzee ndio baba nilijua. Alinilipia karo mpaka nikamaliza. Alisema akienda, nikuje nimzike."

"Na mama yako ni nani?"

"Mzee alinikataza kusema."

Alimkataza! Damu ikamchemka Caren. Basi mwanamke huyo yumo humu humu hemani, anakula ugali wa matanga. Akamtupia jicho Lorine wa kwaya, kisha Achola muuza samaki wa omena. Wote wawili walikuwa wakilia kupita kiasi kwa mtu asiye wao.

Shemeji yake Mathews, mwalimu wa bayolojia, akapata njia.

"Wanasayansi wengine wanasema binadamu alianza kupenda muziki hivi: mama anaweka mtoto chini ndio alime, anaimba ndio mtoto ajue hajaachwa. Kila mama na wimbo wake. Kijana, wewe uliimbiwa gani?"

"Nyanya ndio alinilea. Alikuwa ananiimbia moja, anasema hiyo ni ya mama."

"Imba," Caren akasema. "Imba kwa nguvu, wanawake wote wasikie."

Oluoch akafumba macho, akaimba. Lorine akatikisa kichwa. Achola akainua mabega.

"Nani anaujua?" Mathews akauliza. "Shemeji, unaujua?"

Caren akaligeukia jeneza la Ogola. Wimbo ule aliutunga mwenyewe, akiwa bado msichana kule Asembo, akamfundisha yule mama mzee aliyekuja kumchukua mtoto wake wa kwanza akamlee, kabla hajaolewa na Ogola.