Ushuhuda wa Toba Kali

Toba Kali alikuwa anavunja benki kwa mara ya tano asubuhi hiyo, na prodyuza bado hajaridhika.

"Weka uchungu!" alimwambia kupitia spika. "Unaiba kama mtu anayeomba radhi."

Na kweli radhi alikuwa anaiomba, kimoyomoyo. Huyu kijana aliyesimama mbele ya maiki, ndani ya kibanda kilichozibwa kwa magodoro, hakuwahi kuiba hata sukari ya mama yake. Alikulia kwenye kwaya. Dhambi yake kubwa maishani ilikuwa kumchukia mpiga kinanda.

Lakini albamu ilikuwa kwake suala la kufa na kupona. Alikuwa ameacha kazi ya kupaka rangi kwa ajili yake: hip hop ya injili, biti nzito, sifa mwanzo hadi mwisho. Prodyuza aliisikiliza yote, akakuna kichwa.

"Tamu. Ila watu wanataka kusikia umetolewa shimoni. Wewe umetolewa wapi? Sebuleni?"

Ndipo Toba Kali akatunga wizi wa benki, na wimbo huo ukawa mtamu kuliko yote.

Kikwazo kikawa kanisa. Uzinduzi ungefanyika huko, na pale ushuhuda haupandi madhabahuni mpaka mzazi au ndugu asimame mbele ya mchungaji aseme, "Ni kweli, namjua." Basi mama alikuwa ameketi kwenye kochi la studio, mkoba magotini, na mchungaji pembeni yake. Mama huyu aliwasahihisha watu wote: wanakwaya, wasoma matangazo, hata mahubiri. Uongo hakuujua. Mwanawe alimbembeleza wiki nzima, naye akajibu tu, "Nitasikiliza kwanza."

Prodyuza akaufungulia wimbo. *Nikapiga teke mlango wa mbele...*

"Wa mbele?" mama akauliza. "Uonwe na dunia nzima?"

"Ni wimbo tu, mama," prodyuza akasema.

"Kama ni ushuhuda, si wimbo tu. Endelea."

*Nikalipasua kasiki kwa nyundo...*

"Kasiki la chuma kwa nyundo? Utakesha hapo."

*Nikatoroka kwa miguu, magunia ya noti mgongoni...*

"Magunia? Wewe ambaye hata kapu langu la sokoni linakushinda?"

Nyuma ya kioo, Toba Kali alifumba macho. Aliiona albamu yake ikizikwa, na yeye akirudi kwenye ngazi na ndoo ya rangi. Iliuma.

Mchungaji alijifuta jasho, ingawa feni ilikuwa inampuliza usoni. "Mimi naona wimbo huu tuuache," alisema. "Abadilishe, aimbe ulevi. Ulevi unatosha kabisa."

"Ulevi!" mama akaguna. "Huyu soda tu inampalia."

Toba Kali akatoka kibandani, akapiga magoti mbele ya kochi. "Mama, nisamehe. Nimetunga, najua. Lakini sina kingine. Sema tu ni kweli, neno moja."

Mama alimtazama, huruma ikamjaa. Hakuwahi kumwona mwanawe akikitaka kitu namna ile, tangu azaliwe.

"Uongo sisemi, mwanangu," akasema. Akaweka mkoba chini, akainuka. "Prodyuza, hebu rudisha hiyo biti. Tuurekebishe."

Akaingia kibandani, akavaa vipokea sauti juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaanza kufoka mistari bila kukosa pigo hata moja: mlango wa nyuma, funguo za bandia, mlinzi aliyepelekewa chai.

Mchungaji akaruka kutoka kwenye kochi. "Dada, nakuomba! Inatosha!"

Mama akamnyooshea kidole kupitia kioo. "Wewe kaa chini. Kazi yako ilikuwa kuendesha gari tu, na hata hilo ukalizima katikati ya barabara."