Amezamia

Kicheko cha Tekla ndicho kilichotoka kwanza ofisini. Mwenyewe alifuata nyuma, kanga imemteleza kichwani.

“Amezamia!” aliwaambia wanawake waliokuwa wakifunga maua. “Elinami wangu kazamia!”

Upande ule wa Nduruma, simu ilikuwa hiyo moja ya shamba la maua, na siku hiyo ilikoroma kama fahali mwenye mafua. Agnela, karani, ndiye aliyeipokea. Kisha akamwita Tekla, akampa mkono wa simu bila kumtazama usoni. Sasa alisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

“Mama, ngoja kwanza…”

“Ningoje nini? Msichana wa ofisini mzima hujui Kiswahili cha bandarini? Kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya watu, ukaibukie Ulaya umenenepa. Nenda ukamsalimie mama yako.”

Akaondoka, anapunga mkono kama bibi harusi.

Elinami alikuwa mtoto wa mlimani. Maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya mfereji wa migomba. Lakini alitaka uhandisi wa meli, tena uofisa, na watu walicheka mpaka wakachoka. Baba yake, Efraimu, hakucheka. Alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Alijua mtu anaweza kupenda chuma kikipumua.

Kijana akasoma Dar es Salaam, akamaliza. Ili apewe cheti cha uofisa alibakiza kitu kimoja tu, muda wa kutumika baharini. Ndipo mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, meli nazo zikauzwa, na wahitimu wakabaki nchi kavu kama kuku walionyeshewa. Mwezi huo ndiyo kwanza Elinami alikuwa amepata kijimeli cha mizigo, akalinde injini yake.

Na Efraimu alikuwa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake mzima wa kulia. Daktari alisema wamrudishe tu nyumbani. Mzee mwenyewe, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, alisema hafi mpaka aone mistari ya uofisa begani mwa mwanawe. Ukoo wote ulijua kwamba alikuwa anapumua kwa hilo.

Tekla alifika, akachungulia dirishani.

“Baba Elinami! Umelala nini? Mwanao kazamia meli ya Wagiriki! Injinia mkuu kamfuma kajificha nyuma ya mapipa. Badala ya kumpiga, kampa spana!”

Nusu ya uso wa Efraimu ilicheka.

“Mi… mistari?”

“Ataanza na mmoja, usiwe na tamaa. Dhahabu, na zambarau pembeni. Wa injini ndivyo wanavyovaa.”

Jua halijashuka, watu walianza kuingia. Wanawake walikuwa wamefunga kanga viunoni, hawasalimiani kwa sauti. Wanaume walibeba mabenchi ya kanisani. Lerionka, jirani wa bondeni, alileta kuni, akaziweka chini polepole kama mayai.

Habari ilikuwa imewafikia kutoka kwa Agnela, na Agnela alikuwa amesikia neno fupi zaidi. Elinami hakuzamia. Elinami amezama, na kijimeli chake.

“Maskini, simu ilikoroma,” walinong'onezana. “Herufi moja tu. Sasa nani atamwambia?”

Pudensiana, rafiki wa Tekla wa sokoni, aliingia mikono kichwani, kinywa kimeshafunguka kwa kilio. Tekla alimrukia, akamshika mkono kwa kucha.

“Wee! Mwanangu hajafungwa jela. Ukitaka kulia, kalie kwako, na mbuzi wako wasikie. Hapa tunaimba.”

“Mama Elinami, jamani…”

“Imba, Pudensiana! Au sauti umeiuza na mafungu ya nyanya?”

Wakaimba wimbo wa harusi. Sauti zilipasuka, machozi yakaingia vinywani, na Tekla akicheza katikati, anarusha mabega, anawatania wanaume kwamba wamekaa kama magunia ya mahindi. Hakuna aliyeweza kumtazama kwa muda mrefu. Lerionka alitoka nje ya uzio, akasimama huko na ng'ombe.

Mwishowe wazee walimsukuma Mchungaji Abdiel. Alimpeleka Tekla pembeni, karibu na zizi, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi kama maji ya mlimani.

“Mama Elinami,” alisema, “Mungu atupe nguvu. Ile simu ya leo… neno ulilosikia silo.”

Tekla aligeuka kutazama nyumba. Dirishani, Efraimu alikuwa ameegemezwa mto, anapiga paja kwa mkono wake mzima, akiufuata wimbo.

“Nilimwomba yule kijana aliyepiga simu arudie, Mchungaji,” alisema Tekla kwa sauti ndogo, meno yote nje. “Akarudia, nikasikia vizuri. Amezama. Sasa na wewe cheka, anatuangalia.”